Mkono Uwekwe Wapi? Chimbuko la Kanuni za Kushikana Kwenye Dansi

Julai 1816, gazeti la The Times la London liliwatolea onyo wazazi wa Uingereza. Siku chache kabla, katika dhifa ya mtawala wa nchi, Prince Regent, wageni walikuwa wamecheza dansi ya kigeni iitwayo walsi. Mhariri hakuwa na neno na muziki wala na hatua. Kilichomkera ni mikono na vifua: mwanamume kumzungushia mwanamke mkono mgongoni, miili ikakaribiana, na wawili hao wakabaki hivyo mbele ya kadamnasi mpaka muziki uishe. Aliwasihi wazazi wasikubali mabinti zao waingizwe katika mchezo huo. Hata Lord Byron, mshairi ambaye mwenyewe hakuwa mfano wa maadili mema, alikuwa ameshachapisha mwaka 1813 shairi refu la kuikebehi walsi.

Ilipofika miaka ya 1930, vijana wa mijini Tanganyika walikuwa wakipiga pasi suruali na kufunga tai kwenda kwenye klabu ambako walsi hiyo hiyo ilichezwa pamoja na foksitroti, tango na rumba. Dar es Salaam Jazz Band ilizaliwa mwaka 1932, na kwa kizazi kile kujua kumshika mwenza sawasawa kulikuwa alama ya mtu wa mjini, aliyesoma na kustaarabika. Jambo lililomtia haya mhariri wa London lilikuwa limegeuka somo la ustaarabu katika nchi iliyotawaliwa na Waingereza wale wale.

Mshiko wenyewe haukubadilika sana njiani. Mkono wa kushoto wa mwanamume na wa kulia wa mwanamke hukutana pembeni. Mkono wa kulia wa mwanamume hukaa mgongoni mwa mwanamke, naye mwanamke huulaza mkono wake wa kushoto begani au juu kidogo ya kiwiko cha mwanamume. Utaukuta kwenye harusi Mombasa, kwenye ukumbi wa tango Buenos Aires na kwenye baa ya Kinshasa bendi inapopiga rumba taratibu. Kwa nini isiwe kinyume chake? Kwa nini mgongoni na si kiunoni? Na kwa nini jozi zote ukumbini zinazunguka kuelekea upande mmoja?

Mwalimu wa dansi akiulizwa atajibu kwamba hiyo ni adabu. Ni kweli, lakini si kweli yote. Nyingi ya kanuni hizi zilianza kama jibu la tatizo la mwili au la nafasi, na adabu ikaja baadaye kuzipa heshima.

Kabla mikono haijafika mgongoni

Kukumbatiana kwenye muziki si desturi ya wanadamu wote tangu zamani. Ngoma nyingi za Afrika Mashariki hazina mshiko huo kabisa. Lelemama na chakacha za pwani ni za wanawake. Msewe wa Pemba ni wa wanaume. Beni ilijengwa juu ya mistari na gwaride. Hata pale wanaume na wanawake wanapocheza pamoja, mara nyingi hutazamana mstari kwa mstari au huzunguka duara, na ufundi huonekana kwenye miguu, mabega na kiuno cha kila mchezaji peke yake.

Ulaya nako kulikuwa karibu hivyo kwa karne nyingi. Kwenye majumba ya kifalme ya Ufaransa dansi iliyoheshimiwa ilikuwa minueti. Jozi moja ilicheza huku baraza zima likitazama, na wenza waligusana vidole tu kisha wakaachana. Dansi ile ilikuwa maonyesho mbele ya mfalme, na wachezaji walitakiwa waonekane kwake wakati wote. Watu wawili waliokumbatiana wanatazamana wao. Mfalme anabaki kuona migongo.

Palikuwa na dansi iliyotoka nje ya mstari huo, nayo iliitwa volta. Kasisi Mfaransa Thoinot Arbeau aliieleza katika kitabu chake cha mwaka 1589. Mwanamume alimshika mwanamke kiunoni kwa mkono mmoja, kwa mkono wa pili akashika ubao uliokaza sehemu ya mbele ya vazi lake, kisha akamrusha juu kwa kumsukuma na paja huku wakizunguka. Mwanamke naye alilazimika kuishikilia sketi yake isipeperuke. Arbeau alifundisha hatua zote kwa makini, halafu akamwachia msomaji aamue kama mchezo huo unafaa kwa afya na heshima ya msichana.

Volta ilififia, ila ilitangulia kuonyesha jambo ambalo walsi ingelithibitisha karne mbili baadaye: dansi ya kuzunguka kwa kasi haichezeki kwa vidole.

Mwendo ulivyowasogeza karibu

Walsi ilitokana na dansi za kuzunguka za wanakijiji wa Austria na kusini mwa Ujerumani. Ilikuwa gumzo hata kabla ya karne ya 18 kwisha. Katika riwaya ya Goethe ya mwaka 1774 iliyompatia umaarufu, kijana Werther anacheza walsi na msichana anayempenda, na papo hapo anaapa kwamba mwanamke atakayekuwa wake hatacheza walsi na mtu mwingine.

Siri ya walsi iko kwenye hesabu. Walsi ya Vienna inavyochezwa leo kwenye mashindano ina mapigo yapatayo 180 kwa dakika, na mzunguko mmoja kamili huchukua mapigo sita. Yaani jozi huzunguka mara 30 kwa dakika, mzunguko mmoja kila sekunde mbili, huku ikisonga mbele ukumbini. Watoto wawili wakishikana mikono na kuzunguka kwa nguvu uwanjani, kila mmoja huhisi anavutwa nje, na mikono ikiteleza wote huanguka. Wachezaji wa walsi hukabiliwa na nguvu hiyo hiyo. Kadiri miili inavyokuwa mbali na mhimili wanaouzunguka, ndivyo mvutano unavyoongezeka na ndivyo kugeuka kunavyochelewa. Wakikaribiana, wanazunguka kama mwili mmoja na kila mguu unafika kwa wakati.

Kwa hiyo mkono wa mgongoni ulikuwa na kazi. Mwanamume aliyemshika mwenzake kwa vidole asingeweza kumaliza hata duru moja ya ukumbi. Wenye maadili waliona kumbatio. Wachezaji walikuwa wakijaribu kutorushwa ukutani.

Hata hivyo mshiko tunaoujua haukupatikana siku moja. Mwalimu wa dansi wa London, Thomas Wilson, alichapisha kitabu cha kufundisha walsi mwaka 1816, mwaka ule ule wa onyo la The Times. Mchoro wa mwanzoni mwa kitabu hicho unaonyesha jozi kadhaa, na mikono haiko mahali pamoja. Wako waliozungushiana mikono viunoni, na wako walioiinua mikono juu ya vichwa ikafanya tao. Mshiko wa sasa ulishinda baadaye, kadiri mwendo ulivyozidi kasi na kumbi zilivyozidi kujaa watu.

Kushoto, kulia na foleni ya ukumbini

Kuna simulizi linalopendwa sana na walimu wa dansi: zamani mwanamume alivaa upanga kwenye nyonga ya kushoto, hivyo mwanamke akawekwa upande wa kulia asichomwe. Simulizi ni tamu, ushahidi wake ni dhaifu. Mwanzoni mwa karne ya 18, Beau Nash, aliyesimamia starehe za matajiri katika mji wa Bath, Uingereza, alikuwa ameshapiga marufuku panga kumbini. Walsi iliingia Uingereza miaka mingi baada ya hapo. Na kama upanga ndio ungeamua, mchoro wa kitabu cha Wilson usingeonyesha mikono imetawanyika vile.

Maelezo yenye mashiko zaidi yanapatikana kwa kuitazama sakafu. Jozi nyingi zikicheza dansi ya kusonga mbele kwenye ukumbi mmoja, lazima ziwe na upande mmoja wa kuelekea, la sivyo zitagongana. Desturi iliyoenea duniani ni kuzunguka ukumbi kinyume na mwendo wa mishale ya saa. Anayeongoza akielekea mbele katika mzunguko huo, kushoto kwake kuna katikati ya ukumbi na kulia kwake kuna ukuta na meza za wageni.

Sasa tazama mshiko. Mwanamke hasimami sawasawa mbele ya mwanamume; husogea kidogo kulia kwa mwanamume, ili mguu wa kulia wa mmoja upite katikati ya miguu ya mwenzake badala ya kukanyagana. Kichwa cha mwanamke kwa hiyo huziba upande wa kulia wa anayeongoza. Upande wa kushoto, kule ambako mikono imenyooshwa, unabaki wazi kwa macho. Mpangilio huo unampa anayeongoza upeo wa kuona mahali penye msongamano, na upande asiouona vizuri unaangukia ukutani, ambako hakuna anayepita. Ukigeuza mshiko, kulia ukawa kushoto, itabidi ugeuze na mzunguko wa ukumbi mzima.

Mkono wa kulia nao una sababu yake. Watu wengi hutumia mkono wa kulia kwa kazi za nguvu na za uangalifu, na mgongoni ndipo kazi hiyo inapotakiwa. Mkono wa kushoto ulionyooshwa pembeni unasaidia mizani tu.

Ujumbe unavyopita

Mahali mkono wa mgongoni unapokaa pana maana kubwa kuliko watu wanavyodhani. Kwenye dansi za ukumbini za mtindo wa Kiingereza, kiganja cha mwanamume hukaa kwenye ubapa wa bega la kushoto la mwanamke, vidole vikiwa vimeshikamana. Ukimwambia mtu hivyo, atadhani ni heshima: juu ni salama, chini ni matata. Heshima imo, lakini tazama mwili unavyofanya kazi.

Chukua hatua moja tu ya walsi ya polepole, ile ya mapigo yasiyozidi 90 kwa dakika. Kabla mguu wa anayeongoza haujainuka, kifua chake huanza kusogea mbele kidogo. Kifua kinasogeza bega, bega linasogeza kiwiko, na kwa kuwa kiwiko hakikulegezwa, kiganja kinasogea bila kusukuma. Ubapa wa bega la mwanamke uko juu ya mbavu, na mbavu zimeungana na uti wa mgongo. Anahisi mwendo huo mwili mzima na mguu wake wa kulia unarudi nyuma wakati ule ule ambao wa kushoto wa mwenzake unakuja mbele. Ujumbe umefika, na hakuna aliyesema neno.

Mkono ule ule ukishushwa kiunoni, ujumbe unapotea. Kiuno ni laini na hupinda, kwa hiyo sehemu ya juu ya mwili inaweza kubaki nyuma wakati ya chini imeshaondoka. Kiwiko kikilegea na kuning'inia, mambo ni yale yale: kifua kinasogea, mkono unakunjika, mwenzako anabaki amesimama na vidole vyake vya mguu vinaumia. Ndiyo maana walimu hupiga kelele kuhusu viwiko kuliko kuhusu miguu.

Mkono wa kushoto wa mwanamke, ule wa begani, huonekana kama pambo. Kumbe ni breki. Mwanamke akiukaza kidogo, anaweka umbali anaoutaka, akiulegeza, wanasogeleana. Anayeongoza mwenye akili huusoma mkono huo tangu hatua ya kwanza, na hajaribu kuushinda nguvu.

Karne ya 19 iliongeza mambo yake. Glavu zilikuwa sharti kwa wote wawili, na vitabu vya adabu vilimwelekeza mwanamume aliyekosa glavu ashike leso mkononi kabla ya kumgusa mwenzake mgongoni. Sababu ilikuwa jasho: kiganja chenye unyevunyevu kiliacha doa kwenye hariri. Katika miaka ya 1850 zikaja sketi zilizotandazwa kwa fremu ya chuma, na mwanamume aliyetaka kumkaribia mwenzake aligonga waya kwanza. Mikono ikarefuka, vifua vikaachana. Wahubiri walioihangaikia walsi kwa miaka 40 walisaidiwa na mafundi cherehani.

Waingereza waandika sheria

Mwanzoni mwa karne ya 20 muziki wa Wamarekani weusi ulibadilisha mambo tena. Dansi za kuzunguka tu zilipungua na zikaja za kutembea. Hapo swali la nani anaona mbele likawa kubwa. Kwenye walsi ya kuzunguka, wenza walipokezana kwenda kinyumenyume. Kwenye dansi ya kutembea, mmoja anarudi nyuma ukumbi mzima, naye ni mwanamke kwa kawaida, bila kuona aendako. Anamtegemea aliye mbele yake, na mshiko ukawa njia ya kumpa habari ya kila anachokosa kuona.

Mwingereza Vernon Castle na mkewe Mmarekani, Irene, walipata umaarufu kwa kuzisafisha dansi hizo ziingie kwenye kumbi za wenye pesa. Kitabu chao cha mwaka 1914 kiliwakataza watu kutikisa mabega na kuzungusha nyonga, na mikono ikapangiwa mahali. Bendi iliyowapigia iliongozwa na James Reese Europe, Mmarekani mweusi. Muziki ulikubaliwa, kiuno kilichokuja nao kikaambiwa kitulie.

Waingereza walikwenda mbali zaidi. Mnamo 1924 chama cha walimu wa dansi, Imperial Society of Teachers of Dancing, kilichoanzishwa London mwaka 1904, kiliunda tawi la dansi za ukumbini. Miongoni mwa waasisi wa tawi hilo alikuwa Victor Silvester, bingwa wa dunia wa mwaka 1922. Wao ndio walioandika hatua, kasi na mshiko kama sheria. Mashindano ya Blackpool, yaliyoanza 1920 na yanayoendelea hadi leo, yakazifanya sheria hizo kuwa kipimo cha dunia.

Lakini mashindano yana matakwa yake. Jaji anakaa mbali, hivyo mchezaji anataka kuonekana. Viwiko vikapandishwa, mgongo wa mwanamke ukapindwa kwenda nyuma na kushoto, jozi ikachukua nafasi ya watu wanne. Mshiko huo ni mzuri kuutazama kwenye ukumbi mtupu, na ni balaa kwenye harusi ya watu 300.

Kumbatio la Buenos Aires

Tango ilikua kwenye vitongoji vya Buenos Aires na Montevideo mwishoni mwa karne ya 19, na ilipovuka bahari ilifufua hofu zile zile za 1816. Mwaka 1913 Kaiser Wilhelm II wa Ujerumani aliwakataza maofisa wake kuicheza wakiwa wamevaa sare. Januari 1914 Kardinali Amette wa Paris naye akaikemea.

Waliokemea hawakuangalia vizuri. Kwenye tango ya kukumbatiana, vifua hugusana na kila mmoja huegemea mbele kidogo, lakini kuanzia kiunoni kwenda chini wenza wanaachana. Wakitazamwa kwa ubavuni wanafanya herufi A. Nafasi ile ya chini ni ya miguu: mwanamke anahitaji kugeuka juu ya unyayo mmoja na kuvuka mbele ya mwenzake, jambo lisilowezekana nyonga zikibanana. Dansi ya Kiingereza iliyosifiwa kwa adabu ina umbo la kinyume. Vichwa na mabega viko mbali, ila kuanzia mbavu za chini hadi juu ya mapaja miili imegusana, kwa sababu hatua zake ndefu huongozwa kutoka hapo. Anayepima heshima kwa kutazama vichwa tu atahukumu visivyo.

Watu wa Buenos Aires walijua vizuri kwamba kumkumbatia mtu usiyemjua ni jambo zito, wakaliwekea utaratibu. Mwanamume hamwendei mwanamke mezani kumwomba dansi. Humtazama kutoka mbali. Mwanamke akikubali kutazamana naye, mwanamume hutikisa kichwa kidogo, naye akijibu vivyo hivyo wamekubaliana. Desturi hiyo huitwa cabeceo. Asiyetaka hutazama pembeni, na hakuna aliyeaibishwa mbele za watu. Nyimbo huja kwa mafungu ya tatu au nne, na baada ya fungu hupigwa kipande kifupi cha muziki mwingine ili watu waachane warudi vitini. Mwanamke akisema asante katikati ya fungu, amemaliza, na mwanamume hutakiwa kumsindikiza bila maswali.

Zamani wanaume wa mji huo walijifunza wao kwa wao. Kijana alianza kwa kufuata, akashikwa na wakubwa kwa muda mrefu kabla ya kuruhusiwa kuongoza. Alipokuja kumshika mwanamke ukumbini, alijua kwa mwili wake mkono mzito unavyochosha. Mwaka 2009 UNESCO iliiweka tango kwenye orodha ya urithi wa utamaduni wa dunia kwa maombi ya Argentina na Uruguay.

Pale wenza wanapoachana

Si kila dansi ya wawili inataka kumbatio la mwanzo hadi mwisho. Kwenye ukumbi wa Savoy, Harlem, New York, uliofunguliwa mwaka 1926, Wamarekani weusi walibuni Lindy Hop. Wenza walishikana, wakaachiana hadi mkono mmoja tu ukabaki, wakavutana, wakarudiana. Walipokuwa mbali kila mmoja alipata nafasi ya kuonyesha vyake. Mshiko wa namna hiyo una kanuni yake: vidole hunasana kama ndoana na kidole gumba hakibani, kwa sababu mkono uliobanwa hauwezi kugeuka na kiwiko kinaweza kuteguka. Wacheza salsa wa Nairobi na Dar es Salaam leo hufundishwa hivyo hivyo.

Kuba nayo ilikuwa na jibu lake. Danzón, iliyozaliwa Matanzas mwaka 1879, ina sehemu za muziki ambapo jozi husimama kabisa, mwanamke akajipepea na watu wakapumua. Kwenye joto la visiwani, kanuni hiyo haihitaji maelezo. Muziki wa Kuba ulipofika Kongo kwa santuri za mfululizo wa GV, zilizoanza kutolewa mwaka 1933, wanamuziki wa Léopoldville (Kinshasa ya leo) na Brazzaville waliupokea kama kitu wanachokijua, wakautengenezea rumba yao.

Rumba ya Kongo imejengwa kwa sehemu mbili, na mshiko unafuata mjengo huo. Mwanzo ni wa taratibu: mwimbaji anasimulia, magitaa yanambembeleza, na jozi zimekaa karibu, hatua fupi, mkono wa mwanamume chini zaidi ya ule wa walsi. Hapa habari inayopaswa kupita ni ya kiuno, na mkono umesogea panapohusika. Kisha gitaa la solo linaingia, mapigo yanapanda, na sebene linaanza. Wenza wanaachiana. Kila mmoja anacheza na kiuno chake, uso kwa uso au mstari mmoja na marafiki, na ngoma ya mababu inarudi ndani ya suti. Henri Bowane anatajwa miongoni mwa waliolikuza sebene miaka ya 1940, na Zaiko Langa Langa, kundi lililoanza 1969, lilichangia kulifanya liwe moyo wa onyesho. Desemba 2021 UNESCO iliitambua rumba ya Kongo nayo.

Wanamuziki wa Kongo waliohamia Afrika Mashariki, kina Orchestra Maquis walioweka makazi Dar es Salaam na Les Mangelepa wa Nairobi, waliukuta muziki wa dansi wenye umbo la aina hiyo hiyo. Mpenzi wa bendi kama Msondo au Sikinde hahitaji mwalimu wa kumwambia lini amshike mwenzake na lini amwachie. Bendi inamwambia. Beti zikiimbwa, watu wako wawili wawili. Muziki ukichemka, ukumbi mzima unafunguka.

Hapo ndipo dansi ya Afrika Mashariki ilipomaliza ubishi ambao Ulaya iliuendesha kwa zaidi ya miaka mia. Haikuchagua kati ya kukumbatiana na kucheza kila mtu peke yake; iliviweka vyote kwenye wimbo mmoja, kimoja baada ya kingine.

Kinachotupungukia ni utaratibu wa kabla ya wimbo. Kumbi nyingi bado zina mwanaume anayemvuta mwanamke mkono kutoka kitini, anayemshika pasipo ridhaa, na anayegoma kumwachia wimbo ukiisha. Ukienda dansi wikendi hii, basi, tazama kwanza kama unatazamwa, au omba kwa maneno na ukubali jibu. Weka kiganja mgongoni, usikibane. Usikilize mkono ulio begani mwako, na ukikaza, sogea nyuma. Nenda na foleni ya ukumbi. Sebene likianza mwachie mwenzako acheze, na wimbo ukiisha msindikize hadi kwenye kiti chake.